Vyuo vya jamii vya umma Marekani: ni nani hasa aliyemwachia mwanafunzi bili?

#1 Msomi wa Jioni

Wanajukwaa, salaam.

Nina dai ambalo naomba mlipime. Mwaka 1947 tume iliyoundwa na Rais Harry Truman ilipendekeza elimu ya umma iwe bila malipo hadi darasa la 14, yaani miaka miwili baada ya sekondari, na vyuo vya jamii ndivyo vilivyotarajiwa kuibeba kazi hiyo. Leo, kwa hesabu za College Board, shirika linalofuatilia bei za vyuo Marekani, wastani wa ada na tozo za lazima kwa mkazi wa wilaya ya chuo ulikuwa dola 4,050 katika mwaka wa masomo wa 2024–25. California mkazi hutozwa dola 46 kwa krediti (kipimo cha uzito wa somo), hivyo krediti 30 za mwaka mzima humgharimu dola 1,380. Vermont, inayoongoza kwa ughali, ada ni mara kadhaa ya hiyo. Vyote ni vyuo vya umma, na vyote vinafundisha aljebra ileile na uuguzi uleule.

Dai langu ni hili: majimbo yalijitoa kidogo kidogo, na kila yalipojitoa, pengo likazibwa na mfuko wa mwanafunzi. Mwenye maelezo tofauti ayalete.

#2 Bwana Jedwali

Dai lako ni nusu kweli, na nusu yenyewe ni ya zamani. Hizo dola 46 za California hazijaguswa tangu mwaka 2012, na kwa kuwa vitu vingine vyote vimepanda bei tangu wakati huo, ada hiyo kwa thamani halisi imeshuka. Kitaifa pia, ripoti hizohizo ulizozitaja zinaonyesha kwamba ukiondoa mfumuko wa bei, ada za vyuo vya jamii zimepungua katika muongo uliopita, na kwamba kwa miaka zaidi ya kumi sasa mwanafunzi wa kutwa (yaani mwenye mzigo kamili wa masomo) anayeanza masomo hupata, kwa wastani, ruzuku zinazotosha kufuta ada yote. Mkosaji yupo, lakini usimtafute kwenye ada.

#3 Bi Rehema

Ndugu Jedwali, huyo wastani ni mtu mwema ambaye sijawahi kukutana naye.

Nimefungua bili yangu ya muhula uliopita ili nisiseme kwa kubahatisha. Mstari wa kwanza ni ada ya krediti, nayo ruzuku imeifuta kama ulivyosema. Chini yake kuna tozo ya teknolojia, tozo ya maabara ya anatomia, tozo ya huduma za wanafunzi, kisha kibali cha kuegesha gari. Halafu kuna kitu ambacho hakimo kabisa kwenye bili: namba ya siri ya kufungulia kitabu cha mtandaoni. Bila kuinunua huwezi kuwasilisha hata zoezi moja, na muhula ukiisha inakufa, kwa hiyo huwezi kumuuzia mwenzako wala kuazima ya dada yako aliyesoma somo hilo mwaka jana. Nilipojumlisha vyote visivyoitwa ada, vilizidi ada yenyewe, na hapo sijagusa kodi ya nyumba wala mtu wa kunishikia mtoto saa za maabara.

#4 Mtoza Ushuru

(Jina ni la mzaha, sijawahi kumtoza mtu chochote.)

Mtoa uzi anazungumza kana kwamba mfadhili ni mmoja, yaani jimbo. Vyuo hivi vilizaliwa mikononi mwa wilaya. Cha kwanza cha umma, Joliet Junior College cha Illinois, kilianza mwaka 1901 kama mwendelezo wa shule ya sekondari ya pale pale mjini. Ndiyo maana katika majimbo mengi mguu mmoja wa bajeti hadi leo ni kodi ya ardhi na majengo ya wilaya. Illinois walikuwa na lengo la theluthi tatu: jimbo lilipe moja, kodi ya majengo moja, mwanafunzi moja. Theluthi ya jimbo ndiyo iliyosinyaa. Pennsylvania nao walianza kwa fikra hiyo katika sheria yao ya mwaka 1963, ila huko kaunti ndiyo huamua kama itakuwa mdhamini wa chuo. Ukiishi katika kaunti isiyodhamini, utalipa takriban maradufu ya jirani yako mliyeketi naye dawati moja.

Kwa hiyo tofauti ya bei aliyoiona mtoa uzi ni tofauti ya nani ana majengo ya kutoza kodi na nani alikubali kutozwa. California imebaki rahisi kwa sababu majengo yao ni ya thamani kubwa.

#5 Shangazi wa Texas

Kuhusu mpaka wa wilaya, Mtoza amesema kweli tupu. Nyumba yetu iko upande usiofaa wa barabara. Wa ng'ambo hulipa kodi ya chuo pamoja na kodi zake nyingine, na watoto wake hupata bei ya ndani ya wilaya. Sisi hatulipi kodi hiyo, na mwanangu akatozwa bei ya nje. Nilikasirika mpaka mume wangu akaleta karatasi na kalamu, akajumlisha kodi ambayo tungekuwa tumeilipa miaka yote tuliyokaa hapa, akaniambia ninyamaze. Sikunyamaza, lakini hesabu ilikuwa upande wake.

#6 Karani wa Zamani

Nimefanya kazi katika ofisi ya msaada wa fedha ya chuo cha jamii hadi nilipostaafu, basi naomba nirekebishe mambo mawili katika mchango namba 4.

La kwanza, hadithi ya California ni kinyume cha alivyoieleza Mtoza. Vyuo vyao havikuwa na ada kwa wakazi hadi mwaka 1984. Kabla ya hapo, mwaka 1978, wapiga kura walipitisha Pendekezo la 13 lililofunga breki kodi ya majengo, na wilaya zikapoteza uwezo wa kujipangia mapato. Jimbo likalazimika kubeba mzigo, na likaja na ada ya kwanza, isiyozidi dola 50 kwa muhula. Mwaka 1988 likaja Pendekezo la 98, linalozihakikishia shule na vyuo vya jamii kiwango cha chini cha fedha za jimbo. Unafuu wa California umetokana na jimbo kushika usukani, na thamani ya nyumba haihusiki sana.

La pili, ada ya California haipangwi na chuo. Hupangwa na Bunge la jimbo, na mapato yake huhesabiwa kama sehemu ya fungu ambalo chuo kinastahili kwa fomula ya jimbo, kwa hiyo rais wa chuo hana anachokipata kwa kutamani ada ipande. Linganisha na majimbo ambako bodi ya chuo hukaa mwezi mmoja kabla ya mwaka wa fedha, ikatazama pengo, ikalijaza kwa kupandisha dola kadhaa kwa krediti. Swali la nani ana mkono kwenye bomba lina uzito kuliko swali la maji yanatoka wapi.

#7 Mtoza Ushuru

Ahsante, Mzee Karani. Hata hivyo hukunizamisha kabisa. Ndani ya California kuna wilaya chache, kama Marin, San Mateo na South Orange County, ambazo kodi yao ya majengo inazidi stahili ya fomula ya jimbo, na ziada inabaki kwao. Hao huwa na fedha nyingi zaidi kwa mwanafunzi kuliko jirani zao. Majengo bado yananena.

#8 Kijana wa Nashville

Mbona mnazunguka? Tennessee ilikwisha kumaliza tatizo. Mpango wa Tennessee Promise ulitiwa saini na Gavana Bill Haslam mwaka 2014, na wahitimu wa sekondari wa mwaka 2015 wakawa wa kwanza kuingia chuo cha jamii bila ada. Mwaka 2018 wakaongeza Reconnect kwa watu wazima. Nimepita humo mwenyewe: unajaza FAFSA (fomu ya shirikisho ya kuomba msaada wa masomo), unahudhuria mkutano wa mlezi, unajitolea saa 8 kabla ya kila muhula, unasoma kutwa, basi. Fedha zinatoka kwenye bahati nasibu ya jimbo.

#9 Karani wa Zamani

Kijana, mpango ule ni mzuri na nisingependa mtu aukatae. Lakini hapa ndipo penye kiini cha jambo, na watu wengi hupapita mbio.

Msaada wa aina hiyo huja mwisho wa foleni. Kwanza huhesabiwa ruzuku ya Pell ya serikali ya shirikisho, kisha ufadhili mwingine wa jimbo, na Promise hulipa ada iliyobaki tu. Mchukue kijana wa familia maskini kabisa, anayestahili Pell kamili ya dola 7,395 kwa mwaka. Ada yote imekwisha kulipwa na Pell, kwa hiyo Promise inampa sifuri. Mchukue mwenzake wa familia yenye kipato cha kati, asiyestahili Pell hata senti. Huyo Promise inamlipia ada nzima. Wote wawili watasema kwamba wamesoma bure, lakini fedha mpya ya jimbo imekwenda kwa wa pili.

Sasa geuza mpangilio. California, mwenye kipato cha chini husamehewa ada kwanza, kwa mpango ambao siku hizi unaitwa California College Promise Grant. Pell inapofika haikuti ada ya kumeza, na inabaki mkononi mwa mwanafunzi kwa vitabu, nauli na chakula. Bi Rehema, ndiyo maana mstari wako wa kwanza ulifutika na mingine ikabaki: ruzuku yako iliishia kwenye ada.

Kwa miaka yangu yote dirishani, waliokuja wakilia hawakulia kwa sababu ya ada. Walilia kwa sababu fedha za ziada zingeingia wiki kadhaa baada ya muhula kuanza, na gari lilikuwa limeharibika wiki ya kwanza.

#10 Bi Rehema

Sasa nimeelewa kitu ambacho hakuna aliyenieleza ofisini. Ahsante, mzee wangu.

#11 Kijana wa Nashville

Nimekusoma, Mzee Karani, lakini kuna jambo ambalo jedwali halilioni. Wengi tuliosoma nao tulikuwa tunastahili Pell siku zote na hatukujua. Tulichokijua ni kwamba chuo ni cha matajiri. Lilipokuja neno moja tu, kwamba hakuna ada, tukajaza fomu. Kama neno hilo limewafikisha watu kwenye Pell yao wenyewe, je, jimbo halikufanya kitu?

#12 Mtoza Ushuru

Limefanya kitu, na wacheza bahati nasibu wamelilipia. Ni mara ya kwanza kusikia kwamba mtu anaweza kupoteza kila Jumamosi na bado akawa mfadhili wa elimu.

#13 Mhasibu Mkimya

Nimewasoma wote kimya kama kawaida yangu, na nashangaa kwamba hakuna aliyelitaja jambo lililo wazi. Mwaka 1987 William Bennett, aliyekuwa waziri wa elimu wa Marekani, alidai kwamba misaada ya shirikisho inavipa vyuo ujasiri wa kupandisha ada, kwa kuwa vinajua serikali itafidia. Kama Pell inafikia dola 7,395 na ada ya chuo ni 4,000 na ushei, bodi gani itaona haya kupandisha dola 100? Anayeumia ni yule asiye na Pell, au anayesoma masomo mawili tu.

#14 Bwana Jedwali

Ndugu Mhasibu, hoja ya Bennett ilielekezwa kwa vyuo kwa ujumla, na watafiti hawajakubaliana juu yake. Palipoonekana dalili za wazi zaidi ni katika vyuo vya watu binafsi vinavyoendeshwa kwa faida. Kwa vyuo vya jamii inagongana na ukweli uliouandika wewe mwenyewe: Pell inazidi ada. Kama vyuo vingekuwa vinapandisha bei mpaka ruzuku iishe, ada ya California isingekuwa dola 1,380 kwa mwaka, ingekuwa imekwisha kugonga dari zamani.

Kuhusu anayesoma masomo mawili uko sahihi, na tangu mwaka wa masomo wa 2024–25 jambo hilo limekuwa la hesabu kali zaidi. Pell sasa hukatwa kwa uwiano wa krediti: 12 ni asilimia 100, 9 ni 75, na 7 ni 58. Sehemu kubwa ya wanafunzi wa vyuo vya jamii husoma nusu kutwa, kwa hiyo ule wastani wa mwanafunzi wa kutwa niliouleta mwanzoni hauwagusi wote. Bi Rehema asinirushie jiwe.

#15 Mwalimu wa Muda

Niruhusuni niuangalie upande wa pili wa leja, kwa kuwa kila mtu hapa anahesabu kinachoingia na hakuna anayehesabu kinachotumika.

Nafundisha uandishi katika vyuo viwili, kwa mkataba wa somo kwa somo. Wenzangu wengi katika vyuo vya jamii wako hivyohivyo, bila ofisi wala bima. Wanafunzi wangu huniuliza ushauri kwenye maegesho kwa sababu mshauri rasmi wa chuo ana mamia ya wanafunzi. Kwa mwanafunzi mmoja, vyuo hivi hupata fedha chache sana kuliko vyuo vikuu vya umma, ilhali wanaoingia humo ndio wenye mahitaji makubwa zaidi. Wachumi David Deming na Christopher Walters walipochambua suala hili mwaka 2017, waliona kwamba kuongeza matumizi ya chuo kunasogeza uandikishaji na uhitimu kwa kiasi kikubwa, ilhali kubana bei peke yake hakuonyeshi athari ya maana.

Kisha kuna mpango wa ASAP wa CUNY, chuo kikuu cha umma cha jiji la New York, ulioanza mwaka 2007. Humlipia mwanafunzi pengo la ada, humpa kadi ya usafiri na msaada wa vitabu, na humpangia mshauri mwenye wanafunzi wachache ambaye ni lazima waonane. Katika jaribio ambalo wanafunzi waligawanywa kwa kura, waliohitimu ndani ya miaka mitatu walikuwa asilimia 40, dhidi ya 22 kwa kundi la kawaida. Gharama kwa mwanafunzi ilipanda, lakini gharama kwa kila shahada ilishuka. Kwa hiyo mtoa uzi anauliza bili ni ya nani, na mimi nauliza bili ni ya nini.

#16 Msomi wa Jioni

Nimeshukuru kwa michango. Nimekubali marekebisho ya namba 2 kuhusu muongo huu, lakini msinizike na dai langu.

Tazameni mdororo ulioanza mwaka 2008. Watu walipopoteza kazi walikimbilia vyuo vya jamii, na uandikishaji ukafika kilele karibu mwaka 2010. Wakati huohuo mapato ya majimbo yaliporomoka na bajeti za vyuo zikakatwa. California ilikuwa inatoza dola 20 kwa krediti. Ikapanda hadi 26 mwaka 2009, 36 mwaka 2011, na 46 mwaka 2012. Kwa maneno mengine, ada ilizidi maradufu katika miaka ileile ambayo watu hawakuwa na kazi. Arizona nayo, mwaka 2015 ilifuta kabisa fedha za uendeshaji za jimbo kwa wilaya za Maricopa na Pima, ambazo ndizo kubwa kuliko zote huko. Illinois ilikaa bila bajeti kamili kuanzia Julai 2015 hadi Julai 2017, na ruzuku za jimbo kwa wanafunzi zikachelewa huku vyuo vikiamua vyenyewe kama vitawakopesha.

Mkinionyesha kwamba ada imetulia baada ya hapo, nitawaambia imetulia juu ya ngazi iliyopandia.

#17 Bwana Jedwali

Hilo la ngazi nalikubali. Ila ongeza kwamba baada ya kilele hicho uandikishaji ulishuka mwaka hadi mwaka, na janga la korona likauangusha tena, kwa hiyo fedha za jimbo kwa kila kichwa ziliongezeka hata pale ambapo fungu halikuongezwa. Wabunge hupenda kujisifu kwa ongezeko la namna hiyo.

#18 Mpwa

Shikamooni wakubwa. Samahani kwa kuingilia. Nina nafasi katika chuo kimoja cha jamii huko California kwa viza ya F-1, ile ya wanafunzi wa kigeni. Hizo dola 46 zinanihusu?

#19 Karani wa Zamani

Marahaba, mwanangu. Hazikuhusu. Hiyo ni bei ya mkazi, na ukazi wa California kwa ajili ya ada unahitaji kukaa zaidi ya mwaka mmoja kwa nia ya kubaki, nia ambayo viza ya F-1 kwa kawaida haikuruhusu kuidai hata ukikaa miaka mitano. Utalipa dola 46 pamoja na ada ya asiye mkazi, ambayo kwa kila krediti ni mara kadhaa ya hiyo na hutofautiana kwa wilaya. Ni lazima usome angalau krediti 12 kwa muhula, huna haki ya Pell wala mkopo wa shirikisho, na kabla ya kupewa fomu ya I-20, ambayo chuo hukupa ili uombee viza, utaonyesha uthibitisho wa fedha za mwaka mzima, pamoja na za kuishi. Mwenye kadi ya ukazi wa kudumu ni habari nyingine: huyo hujaza FAFSA kama raia. Uliza pia bima ya afya, kwa sababu vyuo vingi huiweka kwenye bili yako kwa lazima.

#20 Mtoza Ushuru

Na usiseme huko chuoni kwamba ulisoma mtandaoni kuwa ni bure. Wanaocheka ni wale wa dirisha la malipo.

#21 Mama Zuhura

Nami nina langu. Mtoto aliugua katikati ya muhula nikaacha masomo yote. Baada ya wiki chache chuo kikaniletea bili, kana kwamba ruzuku haikuwahi kulipwa, na nilipotaka kuhamia chuo kingine wakazuia hati yangu ya matokeo. Tangu lini ruzuku inadaiwa?

#22 Karani wa Zamani

Pole sana, dada. Tangu zamani, kwa bahati mbaya. Ukijiondoa kabla ya asilimia 60 ya muhula kupita, sheria ya shirikisho inakihesabu kile ambacho hukukichuma kwa kuhudhuria, na chuo hulazimika kurudisha sehemu yake kwa serikali. Kisha chuo kinakugeukia wewe kwa sababu ada yake imebaki bila mlipaji. Katika vyuo vya jamii deni la namna hiyo si jambo geni.

Kuhusu hati ya matokeo, kuna nafuu. Tangu tarehe 1 Julai 2024, kanuni ya shirikisho inakitaka chuo kitoe hati kwa krediti za mihula ambayo ulipokea msaada wa shirikisho na gharama zake zikalipwa zote. Muhula ule wenye deni wanaweza kuuacha nje, lakini mihula ya nyuma iliyolipwa lazima ionekane. California imekataza kuzuia hati kwa ajili ya deni tangu mwaka 2020, na New York tangu 2022. Omba kwa maandishi, na utaje mihula unayoitaka. Uliza pia kama wana utaratibu wa rufaa kwa sababu za ugonjwa wa mtoto, kwa maana ada ya chuo chenyewe wanaweza kuisamehe wakitaka.

#23 Shangazi wa Texas

Kwetu mwaka 2023 walipitisha sheria ya HB 8. Zamani fungu la chuo lilifuata saa za darasa. Sasa sehemu kubwa inafuata matokeo, yaani vyeti vilivyotolewa, wanafunzi waliohamia chuo kikuu wakiwa na krediti zisizopungua 15, na watoto wa sekondari waliochuma krediti 15 za chuo. Watoto wa kipato cha chini wanasoma krediti hizo bila malipo. Mwanangu wa mwisho atafaidi. Kaka yake bado ananikumbusha ile barabara.

#24 Mwalimu wa Muda

Shangazi, ninaliogopa jambo moja. Karibu mwanafunzi mmoja kati ya watano katika vyuo vya jamii nchini sasa ni mtoto wa sekondari, na huyo ni rahisi kumfikisha kwenye krediti 15 kuliko mama anayesoma jioni baada ya zamu. Fedha ikifuata matokeo, chuo kitafuata wenye uhakika wa matokeo.

#25 Mtoza Ushuru

Massachusetts wametafuta mlipaji mwingine kabisa. Novemba 2022 wapiga kura waliongeza kodi ya asilimia 4 juu ya kipato kinachozidi dola milioni 1. Mwaka 2023 wenye umri wa miaka 25 na zaidi wakaanza kusoma vyuo vya jamii bila ada, na mwaka 2024 wakafunguliwa wote. Hapo hakuna jengo wala bahati nasibu.

#26 Bwana Jedwali

Kuna soko la hisa. Kipato cha mamilionea huruka na kuanguka nalo, na linapoanguka ndipo watu wanapopoteza kazi na kukimbilia vyuo. Ni ugonjwa uleule wa namba 16, ila umevaa suti.

#27 Kijana wa Nashville

Basi kwa nini serikali ya shirikisho isilipe yote tukalala?

#28 Mhasibu Mkimya

Ilijaribiwa. Rais Obama alipendekeza mwaka 2015 kwamba shirikisho lilipe robo tatu na jimbo robo moja. Pendekezo la Rais Biden la miaka miwili bila ada liliondolewa kwenye muswada wake mwaka 2021, ingawa mke wake mwenyewe wakati huo alikuwa akifundisha katika chuo cha jamii. Kizingiti kimoja kilikuwa kwamba majimbo hayaanzi mstari mmoja: aliyeweka ada ya chini kwa fedha zake anauliza kwa nini aliyeipandisha alipiwe zaidi.

Jambo jipya ni Pell ya kozi fupi za ufundi, za kuanzia wiki 8 hadi chini ya 15, inayoanza tarehe 1 Julai 2026. Kozi lazima ifikishe asilimia 70 ya wanaomaliza na asilimia 70 ya wanaopata kazi, na ada yake haitakiwi kuzidi ongezeko la kipato la waliohitimu. Nauliza kwa upole: kama hoja ya Bennett haina maana kwa vyuo hivi, kwa nini Bunge limeweka dari ya ada?

#29 Bwana Jedwali

Kwa sababu kozi hizo zitatolewa pia na vyuo vinavyoendeshwa kwa faida, ambavyo nilikwisha kuvitenga katika namba 14. Dari inaonyesha hofu ya Bunge, haionyeshi kwamba chuo chako cha jamii kimepandisha bei. Zitakapotangazwa ada za kozi hizo, chukua bei ya kozi ileile ya mwaka uliotangulia uiweke kando yake, kisha uje hapa.